Uchipuaji wa mishipa ya damu kwenye kondo la nyuma la kondoo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa wafugaji wa Unguja na Pemba, wanafunzi wa mifugo, na wale wanaokata sampuli maabara. Mwenye haja ya banda tu anaweza kuruka maswali ya protini na kwenda moja kwa moja kwenye ratiba, joto na lishe.

Kondo la nyuma la kondoo likoje hasa?

La binadamu ni bamba moja. La kondoo limetawanyika. Ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi una vinundu vinavyoitwa karunkuli, kwa kawaida kati ya 80 na 100, ambavyo kondoo jike huzaliwa navyo. Mimba ikitunga, utando wa nje wa kijusi huotesha vinyweleo vinavyojichomeka ndani ya vinundu hivyo. Sehemu hiyo ya kijusi ni kotiledoni. Karunkuli na kotiledoni zikishikana zinakuwa kitu kimoja, plasentomu, na hapa chini tutakiita kifundo. Si vinundu vyote vinavyotumika. Mimba ya mtoto mmoja mara nyingi hutumia 60 hadi 80 hivi.

Kifundo cha kondoo kimebonyea katikati kama kikombe, cha ng'ombe kimetuna. Ndani yake damu ya mama na damu ya kijusi hupita karibu karibu bila kuchanganyika. Kila kinachohama, iwe oksijeni, sukari au taka, lazima kivuke kuta za mishipa ya pande zote mbili pamoja na tabaka za seli zilizo katikati. Kwa hiyo wingi na wembamba wa kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, ndio unaoamua kijusi kitapata nini.

Kwani mishipa iliyopo haitoshi?

Haitoshi hata kidogo. Kondoo wakubwa wa Ulaya na Marekani, ambao ndio waliopimwa zaidi, hupitisha mililita 30 hivi za damu kwa dakika katika tumbo la uzazi lisilo na mimba. Mwezi wa mwisho wa mimba hupita zaidi ya lita moja kwa dakika. Kondoo wetu wadogo wa kilo 25 au 30 hawafiki kiasi hicho, ila uwiano wa ongezeko ni wa namna hiyohiyo. Mshipa wa zamani kutanuka peke yake hakuwezi kuleta tofauti kubwa hivyo. Lazima mipya ichipue.

Nani anatoa amri ya kuchipua?

Ukosefu wa oksijeni ni mmoja wa watoa amri wakubwa. Seli ikipungukiwa na oksijeni, protini iitwayo HIF-1, ambayo siku zote hutengenezwa na kuvunjwa papo hapo, haivunjwi tena. Hujikusanya, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kadhaa. Jeni mojawapo hutengeneza VEGF, protini iliyotenganishwa na kupewa jina mwaka 1989 na Napoleone Ferrara na mwenzake huko California. VEGF hutoka nje ya seli, husambaa, na kuzifikia seli za ukuta wa kapilari ya jirani.

Huko hukuta vipokezi viwili, yaani protini za juu ya seli zinazopokea amri. Cha kwanza, KDR, ndicho chenye kazi nzito: kikishikwa, seli za mshipa hugawanyika, husogea kuelekea VEGF inakotoka, na mshipa wenyewe huanza kuvuja. Cha pili, FLT1, huing'ang'ania VEGF kwa nguvu zaidi lakini amri yake ndani ya seli ni hafifu, hivyo mara nyingi kazi yake ni kupunguza kiasi kinachobaki kwa KDR. Kuna pia PlGF, ndugu wa VEGF, anayekaa kwenye FLT1 peke yake. Akikikalia kipokezi hicho, VEGF hubaki huru kwenda KDR. Ndiyo maana kupima VEGF pekee na kuacha vipokezi kunapotosha: VEGF inaweza kuwa nyingi na mishipa isichipue.

Angiopoietini zinafanya nini kama VEGF ipo?

VEGF inasukuma, angiopoietini, protini za familia nyingine, zinaamua kama ukuta utalegea au utakaza. Angiopoietini-1 na angiopoietini-2 zote hushika kipokezi Tie-2. Angiopoietini-1 hukaza: seli za ukuta hushikana, na seli za nje zinazoukumbatia mshipa hubaki mahali pake. Angiopoietini-2 mara nyingi hupinga kazi hiyo na kulegeza. Mshipa uliolegezwa ukikutana na VEGF, unachipua. Mshipa uliolegezwa usipopata VEGF hunywea na kufa. Wanafunzi wengi hukariri kwamba angiopoietini-2 "huzuia mishipa" na kuishia hapo. Nusu ya jibu hiyo.

Na nitriki oksidi?

Damu ikipita kwa kasi husugua ukuta wa ndani wa mshipa. Msuguo huo huwasha kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksidi, gesi inayolegeza misuli ya ateri. Ateri hutanuka na damu huongezeka. Nitriki oksidi huongeza VEGF, na VEGF nayo huongeza nitriki oksidi, kwa hiyo mambo yakienda vizuri hizi mbili hupandishana. Zikivurugika, hushushana vilevile.

Upande wa mama na upande wa kijusi hukua kwa namna moja?

La, na hapa ndipo kondoo anapofundisha kuliko wanyama wengi. Upande wa karunkuli, kapilari huongezeka zaidi kwa kunenepa: kila mmoja hupanuka na kubeba damu zaidi. Upande wa kotiledoni huongezeka kwa kugawanyika matawi: idadi hupanda sana na kila kapilari hubaki mwembamba. Mama anahitaji kuleta damu nyingi isiyokutana na ukinzani mkubwa. Kijusi kinahitaji eneo kubwa la kubadilishana, na mishipa mingi myembamba ina ukuta mkubwa zaidi kwa ujazo uleule wa damu.

Ukisaga kifundo kizima bila kutenganisha pande hizi mbili, unapata wastani wa mambo mawili yasiyofanana.

Ni siku zipi za mimba zenye uzito zaidi?

Mimba ya kondoo ni siku 147 hivi, mbili tatu mbele au nyuma. Kijusi huanza kujishika ukutani siku ya 16 hivi, na mabadiliko ya mishipa upande wa mama huonekana ndani ya wiki hizo za mwanzo. Vifundo huongezeka uzito kwa kasi baina ya siku ya 40 na ya 80, na kati ya siku ya 75 na 90 uzito wao hufika kileleni. Baada ya hapo nyama ya kondo haiongezeki, hata huweza kupungua kidogo. Mishipa ndani yake huendelea kuchipua na kutanuka mpaka kuzaa.

Upande wa pili kuna kijusi, ambacho hupata sehemu kubwa ya uzito wake wa kuzaliwa, kama 70 katika kila 100, ndani ya wiki 6 za mwisho. Maana yake ni kwamba ukubwa wa kondo unaamuliwa wakati tumbo halijaonekana na mfugaji hana habari, kisha mahitaji makubwa yanakuja baadaye juu ya kondo ambalo haliwezi tena kukua. Chakula cha wiki za mwisho kina faida yake, ila hakijengi vifundo vilivyokwisha kukosa kujengwa.

Joto la kaskazi linaathiri kweli, au ni la kuzoea tu?

Linaathiri. Huko Marekani, kondoo waliowekwa kwenye vyumba vya nyuzi 40 mchana na 35 usiku tangu karibu siku ya 40 ya mimba walizaa watoto wadogo wenye kondo dogo, na mwelekeo wa VEGF, PlGF na vipokezi vyao ulivurugika. Kondoo mwenye joto hula kidogo, lakini wenzao waliolishwa kiasi kilekile kwenye ubaridi hawakuharibikiwa hivyo. Kwa hiyo njaa siyo sababu yote. Damu hupelekwa kwenye ngozi ili mwili upoe, na tumbo la uzazi hupata pungufu.

Zanzibar haifiki nyuzi 40. Januari na Februari mchana ni nyuzi 31 hadi 33 kivulini, lakini unyevu wa hewa ni mwingi na usiku haupoi vya kutosha, na kondoo hupoa zaidi kwa kuhema. Kipimo cha banda ni pumzi. Simama mbali asikuogope, hesabu ubavu unavyopanda kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa 2. Chini ya 40 ni salama. Kati ya 60 na 80 ameanza kuelemewa. Ikifika 80 hadi 120, na hasa akipanua mdomo, ameelemewa sana. Kondoo wa asili wa Afrika Mashariki wenye manyoya mafupi huvumilia zaidi ya chotara wenye sufu.

Bati tupu juu ya banda la futi sita ni tanuri. Ezeka makuti, au weka makuti juu ya bati, inua paa mita 2.5 kwenda juu na acha pande zinazokabili kaskazi na kusi wazi. Maji lita 4 hadi 6 kwa kondoo mwenye mimba kwa siku, ndoo ikae kivulini. Ndoo iliyokaa juani saa nane mchana haiguswi.

Basi nimpandishe lini?

Huku karibu na ikweta kondoo hupata joto la kupandwa karibu mwaka mzima, hivyo dume akikaa na majike kila siku huna ratiba. Mtenge. Jike akipandwa tarehe 5 Mei, siku ya 40 ni 14 Juni na siku ya 90 ni 3 Agosti, yaani vifundo vinajengwa wakati wa kusi, kipindi cha baridi kuliko vyote kwetu. Atazaa karibu 29 Septemba, vuli ikikaribia na majani mapya yakija.

Akipandwa 10 Desemba, siku ya 40 mpaka 90 ni 19 Januari mpaka 10 Machi, katikati ya kaskazi. Kuzaa ni mwanzoni mwa Mei, masika ikimwaga, na watoto wadogo wanalala kwenye tope.

Ratiba ya Mei ina gharama yake: wiki 6 za mwisho zinaangukia Agosti na Septemba, malisho yamekauka, hasa kwenye ardhi ya maweni upande wa mashariki wa Unguja. Utalazimika kuongeza chakula kwa mkono. Tunaona hilo ni nafuu kuliko kupigana na jua la Februari.

Nimlishe vipi katika siku hizo 40 hadi 90?

Asikonde, asinenepe. Bonyeza mgongo nyuma ya mbavu: mifupa isikuchome kidole na isizame ndani ya mafuta. Kondoo wa kilo 30 anahitaji karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, sawa na kilo 4 au 5 za majani mabichi. Changanya aina: majani ya kondeni, marando ya viazi vitamu, na majani ya mti wa lukina yasiyozidi theluthi ya chakula chote, kwani yakizidi sumu yake hunyonyoa manyoya na kuharibu tezi ya shingo.

Wiki 6 za mwisho ongeza gramu 200 hadi 300 za pumba na mashudu kwa siku, ukizigawa asubuhi na jioni. Chicha ya nazi inafaa kidogo kidogo siku ileile iliyokamuliwa. Ikilala inachacha na kuharisha. Usimpe chakula cha kuku wala madini ya ng'ombe. Vina shaba ambayo ng'ombe na kuku huivumilia, kondoo humkusanyikia kwenye ini na kumuua ghafla.

Nina mtamba wa miezi 8 aliyenona. Si bora zaidi?

Huyu ndiye wa kuogopa. Majaribio ya Aberdeen, Uskoti, yameonesha mara kwa mara kwamba mtamba anayekua bado, akishika mimba huku analishwa mpaka anakinai, hujenga mwili wake mwenyewe na kuinyima mimba. Kondo hutoka dogo kwa theluthi moja au zaidi, ishara za kuchipusha mishipa huwa hafifu katikati ya mimba, mtoto huzaliwa mwepesi na dang'a inakuwa chache. Wengi hutegemea kinyume chake. Subiri afike angalau theluthi mbili ya uzito wa jike mzima wa aina yake, na akishapandwa mlishe kwa kiasi cha kukua polepole.

Mapacha wanagawana vipi vifundo?

Kila mmoja anapata vichache. Kotiledoni za kila mmoja huwa kubwa zaidi na mishipa yake hujitahidi, lakini fidia haikamiliki, ndiyo maana pacha ni wepesi. Watafiti wamewahi hata kuondoa karunkuli kabla ya mimba, na zilizobaki zilinenepa vivyo hivyo.

Haya yote yanahusu mbuzi pia?

Kwa sehemu kubwa, na ni swali la haki kwa kuwa visiwani mbuzi ni wengi kuliko kondoo. Vifundo, siku (150 hivi) na familia za protini ni zilezile. Tofauti ya kukumbuka ni homoni: kondoo, kuanzia siku ya 50 au 60, kondo lake hutengeneza projesteroni ya kutosha kushikilia mimba. Mbuzi hutegemea ovari mpaka mwisho, hivyo dawa inayoua tishu ya njano ya ovari humtoa mimba wakati wowote.

Kuna dawa ya kuongeza mishipa ya kondo?

Ya kununua dukani hakuna. Sildenafili, inayorefusha kazi ya nitriki oksidi, iliongeza uzito wa vijusi katika jaribio la kondoo waliopunjwa chakula, lakini katika jaribio jingine ilipunguza damu ya tumbo la uzazi. Kwa binadamu, jaribio la Uholanzi lilisimamishwa mwaka 2018 baada ya vifo vya watoto wachanga. London wamedunga jeni ya VEGF kwenye ateri za tumbo la uzazi la kondoo, na damu na ukuaji wa kijusi vikaongezeka. Hiyo ni kazi ya chumba cha upasuaji. Kivuli na ratiba vinafanya zaidi kwa mfugaji wa Micheweni, Pemba.

Kwa nini madaktari wa watu wanajali kondoo?

Kijusi chake kinakaribia ukubwa wa mtoto wa binadamu, na kinavumilia mirija ya kupimia damu ndani ya mshipa kwa wiki kadhaa. Sindano ya kukomaza mapafu ya watoto njiti ilianza kwa wana-kondoo wa Graham Liggins, New Zealand, mwaka 1969. Upande wa mishipa, FLT1 ina umbo linaloelea kwenye damu na kunasa VEGF na PlGF, na tangu mwaka 2003 umbo hilo linahusishwa na shinikizo la damu la mimba, lile linaloweza kuishia kifafa cha mimba. Tahadhari: kondo la binadamu limezama moja kwa moja ndani ya damu ya mama, la kondoo halijazama. Matokeo hayahamishwi kichwa kichwa.

Nachukuaje sampuli machinjioni?

Jike mwenye mimba hapaswi kufika huko, lakini hufika, hasa karibu na Iddi Kubwa. Ukipata ruhusa ya daktari wa mifugo aliyepo, fanya hivi.

Andika saa ya kuchinjwa. Toa tumbo la uzazi zima, lipasue upande mrefu, pima kijusi toka utosini mpaka mzizi wa mkia kwa sentimita. Umri kwa siku ni 2.1 × (urefu + 17). Kijusi cha sentimita 20 kina siku 78 hivi. Hesabu vifundo vyote, kisha chukua vitano au sita: vya karibu na kitovu, vya katikati, na vya ncha ya pembe ya tumbo la uzazi. Ukichagua vinene vya karibu na kitovu tu umejidanganya.

Tenganisha kotiledoni na karunkuli kwa vidole, polepole, tishu ikiwa bado ya moto. Vipande vya kupimia RNA, nakala za jeni zilizowashwa, viwe na unene usiozidi milimita 5 na viingie kwenye naitrojeni ya maji au kimiminika cha kuhifadhi RNA, mara 5 ya ujazo, ndani ya dakika 15 au 20. Kila dakika baada ya kuchinja tishu inakosa oksijeni, HIF-1 inajikusanya, na unachopima kinaanza kuwa kifo badala ya mimba. Vipande vya darubini viingie formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, mara 10 ya ujazo au zaidi, kwa saa 24 hadi 48, halafu alkoholi ya asilimia 70. Vikisahauliwa kwenye formalini wiki nzima, kingamwili nyingi za kutia protini rangi hazitashika.

Rangi ya kingamwili haikutokea. Tatizo nini?

Mara nyingi kingamwili ilitengenezwa dhidi ya protini ya binadamu au panya na haiitambui ya kondoo. Weka slaidi ya kipande cha kidonda kinachopona au ovari ya kondoo kama kithibitisho, na nyingine isiyotiwa kingamwili ya kwanza. Ikigoma, jaribu lektini, protini zinazoshika ukuta wa kapilari. Kata mikroni 4 au 5, piga picha sehemu zisizopungua 5 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, pima eneo la kapilari na idadi yake kando kando. Idadi peke yake itakuambia karunkuli haikukua, ilhali ilitanuka.

Zalio, yaani kondo la nyuma, likitoka niangalie nini?

Vaa glavu. Mwanamke mwenye mimba asilishike wala asihudumie jike aliyeharibu mimba. Zalio hutoka ndani ya saa 6. Likipita saa 12 mwite mtu wa mifugo, na usilivute, kwani vifundo huchanika na kutoka damu. Lipime uzito, litandaze, hesabu kotiledoni. Chache au ndogo sana huku mtoto ni mwepesi, rudi kwenye tarehe ya kupandwa na hali ya hewa ya siku zile. Madoa meupe ya milimita 1 au 2 ndani ya kotiledoni, na utando wa katikati mzima, hutia shaka ya toksoplasma, kimelea kinacholetwa na mavi ya paka. Utando wa katikati ukiwa mnene kama ngozi, shaka ni klamidia, bakteria wa kuharibu mimba. Hifadhi kipande kwenye barafu kwa ajili ya maabara.

Mtoto kazaliwa mwepesi. Nifanye nini sasa?

Dang'a kabla ya kitu kingine. Tabaka za kondo la kondoo hazipitishi kingamwili za mama, hivyo mwana-kondoo huzaliwa hana kinga. Mililita 50 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 2, na jumla ya 200 kwa kila kilo ndani ya saa 24. Mkaushe, mweke mahali pasipopitisha upepo, na kama hanyonyi mkamue mama na umnyweshe.

Zalio nilitupe wapi?

Lichimbie futi 3, nyunyizia chokaa, weka jiwe juu. Likiachwa jalalani kunguru watalisambaza mtaa mzima kabla ya adhuhuri, na paka watamaliza lililobaki.